ZILZALA YA BUKOBA NA MASWALI YA WATU WA ZIWANI

Barua nyingi tunazozipata kutoka Mwanza, Sengerema, Ukerewe na Musoma huwa za mirathi, talaka na malezi ya watoto. Lakini liko swali moja ambalo limekuwa likiturudia tangu mwaka 2016, nalo ni hili: zilzala ni kitu gani, yaletwa na nini, na je, nchi ikitetemeka mahali ni dalili kuwa watu wa pale wamekasirikiwa na Mola wao? Aliyetufanya tukamate kalamu mara hii ni mama mmoja wa Kirumba. Dada yake wa Bukoba alifiwa na mtoto chini ya ukuta, na katika hitima jirani mmoja akatamka mbele ya wafiwa kwamba maasi yalikuwa yamezidi katika mji ule. Mama huyo asema hakumjibu kwa sababu ya heshima ya msiba, ila tangu siku ile maneno yale hayajamtoka moyoni, naye ataka kujua kama yana asili katika dini.

Ndugu msomaji, swali hili lina pande mbili. Upande mmoja ni wa elimu ya ardhi na upande wa pili ni wa elimu ya dini, na watu wengi hukosea kwa kuwa hujibu upande mmoja kwa maneno ya upande mwingine. Basi na tuanze na lile lililotokea.

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, mnamo saa 9 na dakika 27 mchana, Idi ya Kuchinja ikiwa imebakiza siku chache tu, ardhi ilitikisika katika mkoa wa Kagera kwa nguvu ambazo wazee wengi wa huko walisema hawajapata kuziona. Kitovu chake kilikuwa upande wa Nsunga, wilaya ya Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda, nacho kilikuwa chini sana, kiasi cha kilomita 40 ndani ya ardhi. Wapimaji waliipa zilzala ile kipimo cha 5.9. Ilisikika Uganda, Rwanda, Burundi na hata Kenya, na Mwanza nako, ingawa ni zaidi ya kilomita 200 kutoka kitovuni, watu waliihisi.

Serikali ilitangaza kwamba watu 17 wamefariki, na hesabu nyingine zilizoandikwa baadaye zataja 19. Waliojeruhiwa walikuwa mamia, na nyumba zilizoanguka au kupasuka zilikuwa maelfu. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa, na wanafunzi wake wakapelekwa kwingine. Waziri Mkuu, Bwana Kassim Majaliwa, alifika Bukoba, maiti wakaagwa katika uwanja wa Kaitaba, na Rais John Magufuli akaiahirisha safari yake ya kwenda Zambia. Kwa siku nyingi baadaye watu walilala nje, kwa kuwa ardhi ilirudia kutikisika mara kwa mara kwa mitikisiko midogo, na nyumba iliyokwisha kupasuka haingojei mtikisiko mkubwa.

Tulipokuwa watoto tulisimuliwa kwamba dunia imebebwa juu ya pembe ya ng'ombe, na ng'ombe amesimama juu ya samaki. Basi ng'ombe akichoka huihamisha dunia kutoka pembe hii hata pembe hii, na hapo ndipo nchi hutetemeka. Hadithi hii tamu imezunguka katika nchi nyingi za Waislamu, na wako wanaodhani imo katika dini. Haimo katika Kurani wala katika hadithi sahihi za Mtume (S.A.W.). Ni katika masimulizi ya kale yaliyochanganyika na vitabu. Jirani zetu wa Uganda nao huiita zilzala musisi, na katika imani zao za zamani Musisi alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakiabudiwa. Jina hilo hata leo ni jina la watu wengi kule, wala mwenye nalo haliogopi.

Wanachuoni wetu wa zamani hawakutosheka na ng'ombe. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa mashuhuri, alieleza katika kitabu chake cha Shifaa kwamba zilzala hutokana na upepo na mvuke uliofungika ndani ya ardhi ukitafuta njia ya kutoka. Alikosea, nasi twaweza kusema hivyo bila ya kumvunjia heshima, kwani hakuwa na chombo cha kupimia. Lakini alitafuta sababu ndani ya maumbile, na hakuna mwenye akili aliyeona kuwa kutafuta sababu ni kumkana Mwenye kuzisababisha. Naye Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 911 wa Hijra, aliandika kitabu kizima cha habari za zilzala, akazihesabu zilizotokea tangu mwanzo wa Uislamu hadi zama zake.

Ama elimu ya leo yasema hivi. Ganda la nje la ardhi si kipande kimoja, bali ni mabamba makubwa yaliyokaa kando kwa kando, nayo yanakwenda polepole sana, kwa milimita au sentimita chache kwa mwaka. Pale yanaposuguana, yanapogongana au yanapoachana, mawe hujikaza na kujikunja kama upinde uliovutwa. Siku moja jiwe huchoka, likakatika na kuteleza ghafula mahali penye ufa, na ile nguvu iliyokuwa imekusanywa kwa miaka mia au elfu hutoka kwa nukta chache tu. Mtetemeko wake huenea pande zote, kama ambavyo jiwe likitupwa majini mawimbi yake hufika mpaka ukingoni.

Afrika ya Mashariki inaachana. Haya si maneno ya kutisha watu, maana mwendo wake ni wa milimita chache tu kwa mwaka, na mjukuu wa mjukuu wa msomaji hatauona kwa macho. Mpasuko wenyewe ndio Bonde la Ufa, nalo lina matawi mawili. Tawi la mashariki lapita Ziwa Turkana, Natron na Manyara. Tawi la magharibi lashuka kutoka Ziwa Albert, likapita Edward, Kivu, Tanganyika na Rukwa hadi Ziwa Nyasa. Sasa atazame msomaji ramani ya nchi yetu: Ziwa Victoria liko wapi? Liko katikati ya matawi hayo mawili, juu ya kipande cha mwamba mkongwe na mgumu ambacho matawi yote mawili yameshindwa kukipasua, yakakizunguka. Ndiyo sababu ziwa hili, ambalo kwa upana ni la kwanza katika Afrika, ni kama sahani tu: kina chake hakizidi sana mita 80, hali Tanganyika, lililomo ndani ya ufa wenyewe, linakwenda chini kiasi cha mita 1,470.

Na ziwa lenyewe ni mtoto wa misukosuko hiyo. Wataalamu wanasema kwamba zamani mito ya Kagera, Katonga na Kafu ilikuwa ikielekea magharibi. Ardhi ya upande wa magharibi ikainuka kidogo kidogo kwa ajili ya ufa, njia ya maji ikazibwa, mito ikageuza mkondo, na maji yakatuama mahali palipokuwa pamebonyea. Hivyo samaki aliyemo chunguni jioni hii katika nyumba ya Nyamagana au Ilemela ameletwa na mwinuko ule ule wa nchi ambao, katika upande wake mwingine, huleta zilzala. Mwenyezi Mungu hujaalia riziki kwa njia tusizozitazamia.

Wakaao Mwanza wana bahati yao kwa kuwa juu ya mwamba ule mkongwe. Mawe ya itale tuyaonayo Bugando, Isamilo na Igogo, na lile Jiwe la Bismarck ambalo kila mgeni hulipiga picha, yana umri wa zaidi ya miaka milioni elfu mbili na mia tano. Mawe yaliyopandana hivyo, moja juu ya jingine kama yamewekwa kwa mkono, nayo hayajaanguka, humpa mtazamaji matumaini kwamba mtikisiko mkali si mgeni wa mara kwa mara mahali hapo. Lakini matumaini si dhamana. Bukoba iko ng'ambo ya ziwa hilo hilo, na wengi hawakuiwazia maafa yale hata siku yenyewe. Nasi twasema wazi kuwa mtu anayechimba chini ya jabali ili apate kiwanja cha chumba kimoja zaidi, kama tulivyoona vilimani, anajitafutia mwenyewe jambo ambalo zilzala ndogo, au hata mvua kubwa, yaweza kulimaliza.

Katika barua tulizozipata, mmoja ameuliza kwa nini mbwa hubweka na kuku hutapatapa kabla ya watu kuhisi. Sababu ni kwamba mawimbi ya zilzala ni namna zaidi ya moja. Ya kwanza huenda mbio, kama kilomita 6 kwa nukta moja, nayo husukuma tu, mara nyingi kwa mshindo mdogo ambao mwanadamu haujali. Ya pili huja nyuma yake kwa mwendo mdogo zaidi, nayo ndiyo yanayoyumbisha nyumba. Kutoka kitovu cha Missenyi mpaka Mwanza, ya kwanza yalihitaji kiasi cha nusu dakika na ya pili kama dakika moja. Kwa hiyo mnyama hajui ghaibu; amesikia tu hodi ya kwanza ambayo sisi hatukuisikia.

Kuhusu vipimo, watu hudhani kuwa 7 imeizidi 6 kidogo. Sivyo. Kila namba moja inayopanda, nguvu inayotoka ardhini huzidi kiasi cha mara 32. Zilzala ya Rukwa ya tarehe 13 Desemba 1910, iliyopimwa 7.4, ilitoa nguvu zaidi ya mara 170 ya ile ya Kagera. Ile ya Toro, Uganda, ya tarehe 20 Machi 1966, iliua watu wapatao 160. Ile ya Ziwa Tanganyika ya tarehe 5 Desemba 2005 ilikuwa 6.8. Mwezi Julai 2007 nchi ilitikisika siku nyingi karibu na mlima Gelai na Oldoinyo Lengai, hata Nairobi watu wakatoka maofisini. Na tarehe 26 Desemba 2004 zilzala ya Sumatra, mbali kabisa ng'ambo ya Bahari ya Hindi, iliinua bahari ikaua zaidi ya watu laki mbili, na mawimbi yake yakafika mpaka pwani yetu, ambako Dar es Salaam nako watu walikufa maji.

Hata hivyo nguvu ya zilzala siyo peke yake inayoua, na hapa twataka msomaji asimame kidogo. Tarehe 29 Februari 1960, usiku wa mwanzoni mwa Ramadhani, mnamo saa 5 na dakika 40, mji wa Agadir katika Morocco ulitikiswa na zilzala ambayo kipimo chake hakikufika 6, yaani sawa tu na hii ya Kagera. Watu wapatao 12,000 walikufa, kama theluthi ya mji. Wengi walikuwa wamekwisha kufuturu, na wengine wamelala wakingoja daku. Tofauti ilikuwa nini? Kitovu cha Agadir kilikuwa chini ya mji wenyewe na karibu sana na uso wa ardhi, ulikuwa usiku watu wamo ndani, na nyumba nyingi zilikuwa za mawe na udongo zisizofungwa kwa chochote. Kitovu cha Kagera kilikuwa mbali chini, ulikuwa mchana wa Jumamosi, na watu wengi walikuwa nje. Lau zilzala ile ingalikuja saa 8 za usiku, twaogopa hata kukisia.

Tazama tena mwaka 2010. Tarehe 12 Januari nchi ya Haiti ilipatwa na zilzala ya 7.0, na zaidi ya watu laki moja wakafa. Mwezi uliofuata, tarehe 27 Februari, Chile ikapatwa na ya 8.8, yenye nguvu kiasi cha mara 500 ya ile ya Haiti, nao waliokufa walikuwa kama 500. Chile ilikuwa imejifunza, na ilikuwa na sheria za ujenzi ambazo mafundi wake wanazifuata. Anayesema kuwa watu wa Haiti walikuwa na dhambi mara mia mbili kuliko wale wa Chile ajitahidi kutuletea ushahidi wake. Sisi tunaona saruji na nondo.

Katika Kagera wazee walikuwa wakikaa katika nyumba za msonge, za miti na nyasi kutoka kileleni mpaka chini. Nyumba ya namna hiyo huyumba pamoja na nchi, na hata ikianguka humwangukia mtu nyasi. Hatusemi watu warudi humo. Twasema kwamba tulipoacha nyasi tukashika tofali, tulichukua uzito wa tofali bila ya kuchukua elimu yake. Ukuta wa tofali uliojengwa kwa tope, pembe zake hazikushikana, juu yake hakuna lenta, ni rundo la mawe lililopangwa tu likasimama. Unabeba bati vizuri miaka 30, kwa kuwa bati hulemea kwenda chini. Zilzala husukuma kwa ubavu, na kwa ubavu ukuta ule hauna nguvu yoyote.

Basi mwenye kujenga, Mwanza au kwingine, afanye haya kadiri ya uwezo wake. Tofali za kuchoma zirowekwe maji kabla ya kujengewa, ili zisiinyonye saruji ikakosa nguvu. Pembe za nyumba zifumane, tofali ya ukuta huu iingie katika ukuta ule. Lenta izunguke nyumba nzima kama mkanda, wala isikatwe juu ya madirisha tu, na nondo zake zikunjwe kwenye pembe. Milango na madirisha visisogezwe mno kwenye pembe. Ule ukuta wa pembetatu unaoinuka mpaka mgongo wa paa ujengwe mwepesi au uzuiwe kwa kenchi, maana huo huwa wa kwanza kuanguka. Na saruji imwagiwe maji siku saba. Fundi anayesema siku moja yatosha anataka kuondoka mapema. Gharama ya lenta ni kubwa, hatukatai, lakini tumewaona watu wakiikosa fedha ya lenta na wakaipata ya vigae vya sebuleni.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, mama wa nyumba anaweza kufanya mengi bila ya fundi. Sanduku zito lililowekwa juu ya kabati na lishushwe. Kabati lenyewe lifungwe ukutani. Vitanda vya watoto visikae chini ya dirisha la kioo wala kando ya ukuta wenye nyufa. Nyufa nyembamba za lipu hazina neno. Ufa upitao mlalo kutoka pembe ya dirisha hata pembe ya pili, au unaoingia kidole, aitwe fundi autazame. Nchi inapotikisika, aliye karibu na mlango wa nyumba ya udongo na atoke mara moja, akakae mbali na kuta. Aliye ndani ya jengo la ghorofa asikimbilie ngazi, bali aingie chini ya meza imara akinge kichwa. Ikiisha kutulia, moto wa jiko na mtungi wa gesi huzimwa kwanza kabla ya jambo lolote. Na ule ujumbe wa simu usemao kwamba zilzala kubwa zaidi itakuja usiku saa fulani, usisambazwe. Hakuna mtu duniani hata leo awezaye kutaja siku na saa ya zilzala.

Sasa turudi kwa mama wa Kirumba, maana hilo ndilo lililotuleta.

Jirani yule hapana shaka atasema: je, Kurani haikutaja watu walioangamizwa kwa mtetemeko? Naam, imetaja. Kaumu ya Thamud na kaumu ya Nabii Shuaibu zimetajwa katika Suratul Aaraf. Lakini kaumu zile zilijiwa na Mitume, wakaonywa, wakakataa, na aliyetueleza sababu ya kuangamia kwao ni Mwenyezi Mungu mwenyewe. Habari ya Bukoba tumeipata kwa wahyi gani? Mwenye kusema kwamba fulani alikufa kwa sababu hii mbele ya Mungu anatoa habari za ghaibu, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe hakutupa mlango huo. Alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim jua likapatwa siku ile ile, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba wake. Angalikuwa mtu wa kupenda makuu angalinyamaza. Yeye alisimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mungu, wala havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake.

Tena imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume (S.A.W.) alipanda mlima Uhud pamoja na Abubakar, Umar na Uthman (R.A.), mlima ukatikisika chini yao, akaupiga kwa mguu wake na kuuamrisha utulie. Nani awezaye kusema kwamba ardhi ilitikisika kwa maasi ya wale wanne? Na mwaka 654 wa Hijra, yaani mwaka 1256, Madina yenyewe ilitetemeka siku kadhaa mfululizo, kisha moto ukapasuka ardhini upande wa mashariki wa mji, na watu wakakimbilia Msikiti wa Mtume wakiomba na kutubu. Huo ni mji gani, na msikiti gani!

Iko riwaya nyingine ambayo haifai tuifiche, kwani jirani anaweza kuitoa. Yasimuliwa kuwa ardhi ilitikisika Madina katika zama za Sayyidna Umar (R.A.), naye akawakaripia watu kwa waliyoyazusha. Ni kweli imesimuliwa. Lakini angalia alimkaripia nani: aliusema mji wake mwenyewe, aliokuwa akikaa ndani yake, akiwa mtawala wake na mwenye dhamana juu yake. Hakusimama upande mmoja wa ziwa akawanyooshea kidole waliofiwa upande wa pili. Kila mtu aliyeihisi zilzala ile chini ya miguu yake, Mwanza au Bukoba au Kampala, akijiuliza nafsini mwake, mimi nimefanya nini, amefanya vema sana. Akianza kumjibia mwenzake, hapo ameiacha njia ya Umar. Naye Khalifa Umar bin Abdulaziz imesimuliwa kwamba zilzala ilipotokea aliandikia miji yake akiwataka watu watoke, waombe na watoe sadaka. Sadaka, maana mwenye kuangukiwa na nyumba ana haja ya mahali pa kulala kabla ya kuwa na haja ya mawaidha.

Na hili ndilo tunalotaka mama yetu ampelekee dada yake. Mtume (S.A.W.) amewahesabu mashahidi, na miongoni mwao amemtaja aliyekufa maji na aliyeangukiwa na ukuta au jengo. Wote wawili wamo katika hadithi moja. Watu wa Mwanza wanaikumbuka tarehe 21 Mei 1996, siku iliyozama meli ya MV Bukoba ikitoka Bukoba kuja Mwanza, watu zaidi ya 800 wakapotea, na makaburi yao mengi yako Igoma. Siku ile hatukusikia mtu akiuliza waliozama walikuwa na dhambi gani. Tuliwaombea. Basi yule mtoto wa Bukoba, ambaye kwanza kalamu ya madhambi ilikuwa haijamwandikia, ana haki gani pungufu ya wale wa melini? Jirani aliyesema maneno yale angalipaswa kumpongeza mama kwa kuwa mzazi wa shahidi.

Kwa kuwa tumefika katika hukumu, tumalizie yale mengine yaliyoulizwa. Aliye katika sala nchi ikaanza kutikisika, naye akahofia paa, yajuzu aikate akaokoe nafsi yake na walio pamoja naye, kisha ataisali tena. Ama sala kwa ajili ya zilzala, kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi haisaliwi jamaa kama ya kupatwa kwa jua, lakini ni vema kila mtu asali peke yake nyumbani, aombe na kunyenyekea. Imepokewa kuwa Ibn Abbas (R.A.) aliwasalisha watu huko Basra, na Imam Ahmad ameshika hivyo, basi hapana ugomvi. Aliyekufa chini ya kifusi, ingawa ni shahidi kwa thawabu za akhera, huoshwa, hukafiniwa na husaliwa kama maiti wengine.

Lililobaki ni la mirathi, nalo limeulizwa na watu watatu. Mume na mke wamekufa chini ya nyumba moja, hawana mtoto, na haijulikani nani alitangulia. Vitabu vya faraidhi vina mlango wake maalumu, mlango wa waliozama na walioangukiwa. Hukumu yake kwa Imam Shafi na kwa wengi wa wanachuoni ni kwamba wawili hao hawarithiani. Mali ya mume itakwenda kwa warithi wake walio hai, na ya mke kwa wake. Jamaa za mke hawatadai robo ya mali ya mume, wala jamaa za mume hawatadai nusu ya mali ya mke. Imam Ahmad ana kauli nyingine, na atakayetaka kuifuata amwendee kadhi.

Lakini ikijulikana kwa hakika kwamba mmoja alitangulia, hata kwa dakika chache, kama vile mke aliyetolewa hai kisha akafia hospitali jioni, huyo amemrithi mumewe, na fungu lake litaingia katika mali ya kugawiwa warithi wake. Kwa hiyo tunawaomba vijana wanaotangulia kufukua kifusi, kila wanapomtoa mtu, mmoja wao aangalie saa na akumbuke nani alitoka akipumua.